Filamu Mbili na Kumbukumbu ya Mama

Je, filamu inaweza kutufundisha historia? Katika insha hii ninajibu swali hilo kwa kutumia filamu mbili nilizotazama na mama yangu nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura.

Ya kwanza ni Na Wewe, filamu fupi ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2011. Matukio yake ni ya mwaka 1994, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Waasi wanasimamisha basi dogo na kuwaamuru abiria wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Abiria wanajieleza mmoja mmoja, na kila maelezo yanaonyesha jinsi mpaka huo ulivyo mgumu kuuchora. Amri kama hiyo si ya kubuni. Tarehe 30 Aprili 1997, wanafunzi wa seminari ya Buta waliamriwa vivyo hivyo, wakakataa kutengana, na 40 wakauawa. Kwa hiyo filamu hii imebeba kumbukumbu ya wengi.

Lakini mama, aliyewahi kushushwa katika basi kama lile, alisema, "Sisi hatukujieleza, mwanangu. Tulinyamaza." Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja basi hilo. Filamu inahitaji maneno. Kumbukumbu yake ni ya ukimya.

Ya pili ni Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo (1992), filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Ni kichekesho kuhusu kijana aliyesoma Paris anayerudi nyumbani akitarajia cheo kikubwa. Haikukusudia kusimulia historia, lakini hapo ndipo mama alipolia. Aliniomba nirudishe nyuma, atazame tena watu wakipita mitaani. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu.

Hata hivyo, picha hiyo ya amani isitudanganye. Mjini humo walikuwamo yatima wa mauaji ya 1972, na kamera haituonyeshi ni nani.

Ninahitimisha kwamba filamu peke yake si ushahidi uliokamilika. Inachagua cha kuonyesha na inaacha mengi. Faida yake kubwa niliiona pale sebuleni: ilimfanya mama aseme alichokuwa amekinyamazia tangu kabla sijazaliwa. Sisi wanafunzi wa historia tuzitazame filamu hizi pamoja na wazee wetu wakiwa bado hai, kisha tuandike wanayoyasema.