Mcheri Katika Sinia

Msomaji, wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Walimkusudia mtoto, lakini katika nchi ya Japani wako watu ambao kwa karne nyingi wamelitumia neno kama hilo juu ya miti. Huuchukua mche mchanga, wakaukata, wakaukunja, wakaukalisha katika chombo cha kina kifupi, na baada ya miaka mingi huwa mti mzima uliotimia shina, matawi na maua, ingawa kimo chake aghalabu hakifiki kiuno cha mtu. Kazi hii huitwa bonsai, maana yake kilichopandwa katika sinia. Hapa tutaangalia ilikotoka, na jinsi mcheri wa maua, mti usiokipenda kisu, unavyoweza kuongozwa kwa kisu.

Asili ya kazi hii ni Uchina. Katika kaburi la mwana wa mfalme aitwaye Li Xian, lililojengwa mwaka wa 706, kuna picha ukutani ya watumishi waliobeba sinia zenye mimea midogo na mawe. Kutoka huko sanaa hii ilivuka bahari mpaka Japani, na mwaka wa 1309 wachoraji wa nchi hiyo waliionyesha miti midogo ya vyomboni katika picha za hariri zilizosimulia habari za hekalu la Kasuga. Mwanzoni ilikuwa anasa ya makasisi na wakubwa. Baadaye, katika zama za Edo, yaani tangu 1603 hata 1868, nchi ilipokaa kwa amani ndefu, wenyeji wengi wa mijini nao waliipenda kazi ya bustani na miti ya vyunguni.

Wajapani wana hadithi moja juu ya miti hiyo, nayo huigizwa katika mchezo wa kale uitwao Hachi no Ki. Askari mmoja aliyenyang'anywa ardhi na jamaa zake aliishi katika kibanda cha umaskini. Usiku mmoja wa theluji alifikiwa na mtawa aliyeomba mahali pa kulala. Askari hakuwa na chakula ila mtama, wala hakuwa na kuni. Katika mali yake ya zamani alibakiza miti mitatu tu ya vyunguni: mplamu, mcheri na msonobari. Aliikata yote mitatu, akaiwasha ili mgeni wake apate joto. Kumbe mgeni yule alikuwa Hojo Tokiyori, aliyeishi tangu 1227 hata 1263, na ambaye alikuwa ameshika hatamu za serikali ya Kamakura. Baadaye mashujaa wote wa nchi walipoitwa Kamakura, askari yule alifika na silaha zenye kutu na farasi aliyekonda. Tokiyori alimrudishia ardhi yake, akamwongezea mashamba matatu ambayo majina yake yalikuwa na maneno plamu, cheri na msonobari.

Hadithi ni hadithi, lakini fikiri kwa nini mtungaji hakumfanya askari achome mlango au kiti. Kiti huchongwa kwa siku chache. Mti wa sinia ni miaka ya mtu iliyokusanywa mahali pamoja, na hakuna fedha iwezayo kuinunua upya miaka hiyo. Ukitaka kuipima sadaka ya askari, sharti ujue kwanza mti kama huo hufanywaje.

Basi tuseme umeshika mche wa mcheri wenye unene wa kalamu. Kama umeoteshwa kwa mbegu, maua yake yaweza kutofanana na ya mama yake. Kwa hiyo watunzaji huchukua kijiti cha mti wanaoupenda na kukiunga katika shina la mwingine, kazi ambayo wakulima wetu huiita kubebesha. Aina nayo huchaguliwa kwa akili. Jani la mti wa sinia hupungua ukubwa kwa malezi, lakini ua halipungui. Mcheri wenye maua makubwa ukiwekwa katika sinia huonekana kama mtoto aliyevaa kofia ya babu yake. Kwa sababu hiyo wengi hupenda mcheri mdogo wa pande za mlima Fuji, ambao Wajapani huulinganisha na haragwe kwa udogo wake.

Mche huo usiutie katika sinia upesi. Shina hunenepa kwa kazi ya majani mengi na mizizi mipana. Kwa hiyo uache ardhini au katika chombo kikubwa kwa miaka kadhaa. Shina likiisha kunenepa, hukatwa juu ya tawi la chini, na tawi hilo husimamishwa liwe kilele kipya. Hivyo shina huwa nene chini na jembamba juu, kama lilivyo la mti mkongwe. Mizizi hupunguzwa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla macho ya mti hayajafunguka: mzizi mkuu ukakatwa, na ya pembeni ikatandazwa. Matawi huzungushiwa waya ili yaelekee yanakotakiwa, na waya huondolewa kabla haujaingia katika gome.

Hapa ndipo ilipo taabu ya mcheri. Wajapani wana methali isemayo kuwa mpumbavu ni yule akataye mcheri, na mpumbavu mwingine ni yule asiyekata mplamu. Jeraha la mplamu hupona. La mcheri hupona polepole, na kuvu huweza kupenya na kuozesha moyo wa shina. Kila pigo la msumeno ni hatari, na kila jeraha kubwa sharti lipakwe dawa ya kuziba. Mtunzaji hodari hufanyaje? Huwahi. Chipukizi lililokosea njia huliondoa kwa ukucha lingali laini, na mti hausikii. Mtunzaji mvivu huliacha miaka mitano, kisha hushika msumeno, na jeraha lake laweza kuuua mti. Tena mwenye kujua hukata mara maua yanapokwisha, kwa sababu katika majira ya joto mti hutunga macho ya maua ya mwaka ujao. Akataye baada ya hapo huyakata maua asiyoyaona bado.

Watu wengi hudhani kuwa mti huo huwa mdogo kwa kunyimwa chakula. Si kweli. Hupewa mbolea, hubadilishiwa udongo, na hunyweshwa maji kila siku wakati wa joto, pengine mara mbili, maana udongo wa sinia ni mchache na mcheri una kiu kubwa. Siku moja ya jua kali bila maji yaweza kuvunja kazi ya miaka ishirini. Udogo wake ni kazi ya kutunzwa, si ya kunyimwa.

Ndiyo sababu historia ya bonsai ni historia ya watu waliopokezana kazi. Tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923 lilipouharibu mji wa Tokyo, baadhi ya watunzaji walihamia Omiya, kaskazini ya mji huo, na mwaka wa 1925 kijiji chao kikaanzishwa. Sharti mojawapo la kukaa pale lilikuwa kumiliki miti isiyopungua kumi na kuacha milango wazi kwa wageni. Mwaka wa 1945 bomu la atomiki liliangukia Hiroshima. Kiasi cha kilomita tatu kutoka hapo, nyuma ya ukuta wa nyumba ya Masaru Yamaki, ulikuwako msonobari uliokuwa ukilelewa tangu 1625. Ulisalimika. Mwaka wa 1976 Yamaki aliutoa pamoja na miti mingine 52 iliyokuwa zawadi ya Japani kwa Marekani, nchi iliyoliangusha bomu. Walezi wake wa Washington hawakuijua habari hiyo mpaka mwaka wa 2001, wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutazama.

Usitumaini kuuona mcheri wa Japani ukichanua Mombasa. Huhitaji baridi ya muda mrefu kabla ya kufunua maua. Lakini ndugu yake unaishi nasi. Katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua umo mti ambao Wakikuyu huuita mũiri, nao ni wa ukoo mmoja na mcheri. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi ya wanaume, na kwa tamaa ya biashara miti mingi ilibanduliwa gome pande zote ikafa imesimama. Tangu 1995 biashara yake imewekwa chini ya mkataba wa mataifa.

Kisu kilichoua mũiri na kisu kilichokuza mcheri ni chuma kile kile. Mmoja alikata akiwaza fedha ya siku ile. Mwingine akiwaza ua la mwaka ujao, na mlezi atakayemfuata. Wewe nawe, msomaji, utapewa siku moja kitu ambacho wengine wamekilea kabla yako: shamba, msitu, shule au mtoto. Tazama chipukizi mapema, ukucha ungali unatosha.