Mwiba wa Karaba: namna sinema za katuni zimebadilisha sura ya mwanamke

Katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa, jina la Kirikou linajulikana na wakubwa kwa wadogo. Sinema hiyo, Kirikou et la Sorcière, ilitoka mwaka wa 1998. Iliongozwa na Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi Guinea utotoni. Muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal.

Kijiji kinateseka. Maji yamekauka, wanaume wakienda kupigana hawarudi, na watu wote wanasema Karaba mchawi amewakula. Mtoto Kirikou peke yake anauliza: juu ya nini Karaba ni mbaya?

Babu yake anamwambia ukweli. Karaba ana mwiba wa sumu mgongoni. Wanaume walimshika kwa nguvu wakamchoma, na maumivu hayaishi usiku wala mchana. Kirikou anautoa kwa meno, Karaba anapona. Kumbe wale wanaume hakuwala, aliwageuza tu vitu vya kumtumikia. Kirikou akimuomba ndoa, Karaba anakataa kwanza: hataki kuwa mtumishi wa mtu.

Binti wa kungojea

Sinema za zamani za Disney zilionyesha wanawake wa aina mbili. Kuna binti mzuri anayefanya kazi za nyumba na kungojea mwana wa mfalme, kama Blanche-Neige (1937) na Cendrillon (1950). Halafu kuna mwanamke mbaya mwenye nguvu: malkia, mama wa kambo. Watetezi wa haki za wanawake, yaani wafeministi, waliuliza: mtoto msichana anajifunza nini hapo? Kwamba nguvu ni ya wanawake wabaya tu?

Polepole mambo yakageuka. Mulan (1998) anaenda vitani. Tiana (2009), binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, anatafuta pesa ya kufungua restora yake. Katika La Reine des neiges (2013), dada ndiye anaokoa dada yake, si busu la mwanaume. Jennifer Lee, mmoja wa waongozaji wawili wa sinema hiyo, ni mwanamke.

Na hapa kwetu?

Katika Kongo, mama mjane ao mzee anaweza kuitwa mchawi kwa sababu tu kifo kimeingia katika familia. Watoto pia wanashitakiwa hivyo, ingawa sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu jambo hilo. Kuhusu ndoa, sheria ya familia ya 1987 ilitaka bibi aombe bwana ruhusa mbele ya kufanya mikataba; marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo, sasa wawili wanapaswa kupatana.

Wazazi wanaotazama katuni pamoja na watoto wanaweza kuwauliza: nani anaamua katika hadithi hii? Nani anangojea? Na yule anayeitwa mbaya, nani alimchoma mwiba? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatakuwa mwepesi wa kuokota jiwe siku jirani anapoitwa mchawi.