Historia ya Tiba ya Macho kwa Mwanga

Leo tuzungumzie macho ya mgonjwa wa sukari.

Mnakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa? Siku kama ile mtoto hukatazwa kulitazama jua, kwa kuwa mwanga mkali huchoma retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea picha.

Kuungua huko ndiko kulikozaa tiba. Mwaka 1945, nchini Ujerumani, Daktari Gerd Meyer-Schwickerath alimchunguza mwanafunzi aliyeumia jicho kwa kutazama jua likipatwa. Aliona kovu dogo kwenye retina. Baadaye akaanza kutibu wagonjwa kwa miale ya jua iliyoelekezwa jichoni kwa vioo, kisha kwa taa kali. Mwaka 1960 Theodore Maiman wa Marekani akatengeneza leza ya kwanza.

Je, leza inahusianaje na sukari? Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, mishipa midogo ya retina huvuja damu, na mingine dhaifu huota. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa tiba ya mwanga hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya upofu kwa waliofikia hatua mbaya.

Picha nazo ziliendelea. Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis walitangaza mbinu ya kudunga dawa ya rangi mkononi na kupiga picha za mishipa ya jicho. Mwaka 1991 ikatangazwa mashine inayoonyesha tabaka za retina bila sindano. Mwaka 2008 mbinu mpya ikaonyesha vizuri hata koroidi, tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina na linaloilisha. Kwa picha hizo madaktari huona koroidi ikibadilika unene baada ya leza.

Kwa hiyo mama, usingoje nyanya aseme haoni. Leza hulinda uwezo wa kuona uliobaki. Uliopotea kwa kawaida haurudi.

Kumbuka:
- Mgonjwa wa sukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.
- Mwenye sukari akishika mimba, apimwe macho mapema.
- Aliyetibiwa kwa leza arudi kila tarehe aliyopewa, wala asiache dawa za sukari.