Akiba, Kodi na Kupeana Fedha: Kainuk, Turkana

Kainuk ni mji mdogo wa Turkana Kusini, kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar, mpakani na Pokot Magharibi. Akiba ya wafugaji wake ni mifugo, na si yote hulala katika boma la mwenyewe. P. H. Gulliver, aliyechapisha mwaka 1955 utafiti wake juu ya Waturkana na Wajie wa Uganda, alionyesha jinsi mwanamume anavyopeana wanyama na ndugu, wakwe na marafiki: leo anachangia mahari ya mwenzake, kesho ni zamu yake kuomba. Kwa hiyo kutoa, huku, ni njia mojawapo ya kuweka akiba. Mpakani ambako mifugo huporwa, mwenye mbuzi wote katika zizi moja anaweza kuamka bila hata mmoja; mwenye wadai na wadeni huko na huko ana pa kuanzia.

Kuna wanaopinga wakisema ukame hauchagui boma, na rafiki aliyefilisika siku moja nawe hana cha kukurudishia. Ni kweli, na ndiyo sababu fedha taslimu zina nafasi yake. Mpango wa kukabili njaa, HSNP, umekuwa ukizipa kaya maskini za Turkana shilingi 5,400 kila miezi miwili kupitia akaunti ya benki. Lakini fedha nazo huliwa na mfumuko wa bei, tena simu imemfikisha mwombaji mlangoni. Afadhali basi mtu atenge mapema fungu la kutoa, asingoje kuombwa. Kukataa kila mtu ni kujiondoa katika mtandao atakaouhitaji mwenyewe.

Katika kupeana huko kwa fedha, kodi inatisha kuliko inavyostahili. Shilingi 1,000 unazomtumia mama kwa mapenzi tu si mapato yake ya kutozwa kodi, na Kenya haina kodi ya urithi. (Zawadi ya mwajiri kwa mfanyakazi ni habari nyingine.) Riba ya benki hukatwa asilimia 15. Kwa M-Pesa, tangu Julai 2023 ushuru wa bidhaa ni asilimia 15 ya ada, wala si ya kiasi kilichotumwa: ada ya shilingi 20 inakuwa 23. Na kwa kuwa ada hupangwa kwa viwango, anayetuma vijisenti mara tano kwa kawaida hulipa zaidi ya anayetuma jumla ileile mara moja.