Toka kiti cha mufalme mpaka etabli ya lupangu: historia ya kazi ya mbao ku Kipushi

Watu wengi wakisikia jina la Kipushi, wanafikiri paka shimo la mugodi, shaba na zinki. Ni kweli, muji wetu ulikomaa juu ya mugodi. Lakini kuko historia ingine, ile ya mbao, na yenyewe inapita mu malupangu yetu. Historia hii inapashwa kuandikwa mbele wazee wenye kuijua hawajaisha.

Kiti cha bankambo

Zamani, kiti hakikukuwa kitu cha kila mutu. Kwa Waluba, kiti cha mufalme kilichongwa mu kipande kimoja cha muti, bila musumari wala kole. Chombo kikubwa cha fundi kilikuwa tezo, ni kusema kashoka ka kuchongea. Mara nyingi fundi alichonga mwanamuke mwenye kubeba kikalio ku kichwa na mikono, kwa kuonyesha ya kwamba ufalme unasimama juu ya bamama. Kiti kile hakikukaliwa ovyo. Kilifungwa mu kitambaa cheupe na kuchungwa na mutu wa kuaminiwa, na watu walikiona paka siku za maana.

Kwa Wachokwe, upande wa Dilolo na Sandoa, mafundi waliona viti vya Waportuge vyenye kutoka Angola, vyenye muegemeo na ngozi ya kukalia. Waliiga umbo lile, lakini ku vijiti vya katikati ya miguu walichonga mambo ya kwao: maski, ngoma, safari, wanamuke wenye kutwanga. Hapa kuko fundisho: bankambo hawakuogopa kitu cha kutoka mbali. Walikipokea, kisha wakakifanya chao.

Misioni na kampuni

Udongo wa Kipushi ni wa Walamba. Kisha Union Minière ilianza kuchimba hapa mu mwaka wa 1924, na kazi ikaleta watu wa kila kabila: Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wabemba, Wachokwe, hata watu wa Ruanda-Urundi. Kila mutu alikuja na kumbukumbu ya kiti cha kwao.

Wasalesiani wa Don Bosco walikuwa wamekwisha kufika Élisabethville mu mwaka wa 1911. Pale vijana walianza kujifunza useremala wa namna ingine: kupasua mbao, kupima na metre, kupiga rabo, kuunga vipande. Muti mumoja wa kuchonga ukawa mbao nyingi za kuunganisha.

Tangu karibu mwaka wa 1928, kampuni ilitaka mufanyakazi akae na bibi na watoto mu kambi. Nyumba ya familia inaomba kitanda, meza, kabati na viti vya wageni. Ndipo kiti kilishuka toka kwa mufalme, kikaingia mu nyumba ya mufanyakazi. Kwangu mimi, hii ndiyo badiliko kubwa kuliko musumari na kole.

Etabli ya mu lupangu

Mu mwaka wa 1993 mugodi wa Kipushi ulisimama. Mishahara ya Gécamines ilichelewa, kisha ikakosekana kwa miezi. Mu 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa mupango wenye kuitwa « départs volontaires ». Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Univasite ya Lubumbashi, mu kitabu chake cha mwaka wa 2001, aliwaita « Bana Shaba » wenye kuachwa na baba yao. Mu wakati ule, mwenye kujua kazi ya mukono aliweza kupata unga wa bukari. Etabli ilisimama chini ya muti wa maembe, na lupangu ikawa atelye.

Kazi yenyewe inaanza na uvumilivu. Mbao mbichi hazigusiwe. Zinapangwa chini ya paa, na kati ya kila safu kunawekwa vijiti ili upepo upite. Mwenye kuharakisha anatengeneza fotei nzuri mu mvua. Kiangazi kikifika, mbao zinakauka na maungo yanalegea. Fundi wa kweli anachonga ulimi ku ubao mumoja, anatoboa tundu mu wa pili, anaingiza, kisha anafunga na kamuti. Musumari unapata kutu. Ulimi wenye kuingia muzuri unadumu. Mutoto wa kazi anafagia kwanza, anashika ubao, anaangalia. Rabo anapewa nyuma.

Muti unaisha

Miti ya kazi ni mulombwa na mupapa, ya pori letu la miombo. Leo inatoka mbali zaidi, kwa sababu pori la pembeni ya Lubumbashi na Kipushi limekatwa juu ya makala na mashamba. Ndugu yake, mukula, ulikatwa kwa wingi mu miaka ya 2010 na kupelekwa Uchina, mpaka mu 2019 ukaingizwa mu orodha ya CITES yenye kusimamia biashara ya viumbe vya hatari ya kuisha. Mulombwa unahitaji makumi ya miaka mbele ya kutoa ubao muzuri. Mwenye kuupanda leo anawapandia wajukuu.

Mu 2024 mugodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki. Ni furaha, na vijana wanaangalia kule. Lakini mwaka wa 1993 ulitufundisha ya kwamba mugodi unaweza kusimama. Papa fundi mwenye mutoto mu lupangu, amufundishe ulimi na tundu angali kijana. Na sisi wenye kununua, tumulipe bei ya mbao yenye kukauka, tusimuombe fotei ya juma moja. Tena, ku kila shule na kila parokia, tupande mulombwa. Bila muti, kiti cha bankambo kitabakia paka mu vioo vya mize.