Ramani Hukaguliwa Ardhini

Askari aliyepata kusimama Malukhu, mjini Mbale, na kuyatazama majabali ya Wanale, anafahamu kwamba nchi ile haina huruma kwa mwenye kupotea njia. Kwa hiyo usahihi wa ramani ni jambo la uhai wa watu.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni yake, ambayo ilichora ramani kwa kutumia picha zilizopigwa angani. Hata hivyo, picha peke yake haikuaminiwa. Wapimaji walipanda vilele kwa miguu, wakapima pembe na umbali, ndipo mistari ya mwinuko ikachorwa. Ramani za Uganda zikajengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960.

Februari 2000, chombo cha anga Endeavour cha Marekani kilipima kwa rada, kwa muda wa siku 11, sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, na vipimo vikatiwa katika kompyuta. Ili kuvikagua, magari yenye vyombo vya setilaiti yaliendeshwa barabarani katika mabara mbalimbali. Barani Afrika, vipimo 90 katika kila 100 vilikuwa na kosa lisilozidi mita 5.6.

Matokeo hayo ni mema, lakini barabara haipiti gengeni wala katika msitu mnene, ambamo mawimbi ya rada hurudishwa na miti kabla ya kufika chini. Tena, mto unapofurika, hata mita moja hutenga nyumba iliyosalimika na iliyozama. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake Mbale, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Kosa jingine ni la mtumiaji. Chombo cha setilaiti kwa kawaida hutumia msingi wa WGS 84. Mwenye kuzitia tarakimu zake katika ramani ya Arc 1960 bila kuzigeuza hukosea mahali kwa mita 300 hivi. Katika miteremko ya Masaba, kosa hilo laweza kuwapeleka waokoaji kwenye bonde lisilo na majeruhi.

Basi askari wa doria ndiye mkaguzi wa mwisho. Akikuta daraja limesombwa au mto umehama, hana budi kuandika na kutoa taarifa. Ramani isiyosahihishwa humpoteza yule anayeiamini.