Hesabu na Majina

Ukitoka mjini Eldoret, msomaji, ukashika njia ya Kesses, utapita kati ya mashamba ya mahindi na ngano hata ufike, baada ya kilometa zipatazo 35, penye majengo ya Chuo Kikuu cha Moi. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1984. Ni mahali pa baridi, na mgeni atokaye nchi ya joto hutetemeka asubuhi za kwanza. Katika mwaka wa 2015 walifika hapo mamia ya wanafunzi wageni kwa pamoja. Walitoka Garissa, mji wa jua kali ulio kando ya mto Tana, upande wa pili wa Kenya. Hawakuhama kwa kupenda. Walikuwa ndio waliosalia.

Chuo cha Garissa kilikuwa tawi la Moi tangu mwaka wa 2011, na wengi wa wanafunzi wake walitoka sehemu nyingine za nchi, kwa kuwa serikali ndiyo iliyowapangia nafasi za masomo. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye bunduki, wafuasi wa kundi la Al-Shabaab la Somalia, waliwaua walinzi wa lango wakaingia. Ilikuwa siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Baadhi ya wanafunzi walikuwa katika sala ya asubuhi, wengine wamelala mabwenini. Wauaji waliwatenga Wakristo na Waislamu, kisha wakapiga risasi. Usiku ulipoingia waliokufa walikuwa 148, na katika hao 142 walikuwa wanafunzi.

Sitakusimulia zaidi mambo ya mabwenini. Nataka utazame yale yaliyofanywa na walio hai, maana shambulio la namna hii halikusudiwi wale wafao peke yao. Limekusudiwa pia yule anayesikia habari akiwa mbali, jikoni kwake au darasani. Mwuaji huuliza dini ya mtu ili kesho yake wewe nawe uanze kuuliza.

Kwanza ilikuja hesabu. Mwanzoni idadi iliyotajwa ilikuwa 147, baadaye ikasahihishwa. Mtu akisikia hesabu kubwa hushtuka, husikitika, kisha huendelea na chakula chake, ndivyo tulivyo. Lakini safari hii vijana wengi wa Kenya waliikataa hesabu. Walisema kwamba 147 si tarakimu tu, wakaanza kuyatangaza majina ya waliokufa mmoja mmoja, pamoja na picha zao. Katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi watu walikusanyika wakawasha mishumaa. Wakati huohuo wazazi walikuwa wakingoja katika uwanja wa Nyayo, mahali panapochezwa mpira, ili wachukuliwe kwenda Chiromo kuwatambua watoto wao katika chumba cha maiti. Kwa maoni yangu, wale waliotangaza majina walifanya kazi ya mwanahistoria kabla ya wanahistoria wenyewe kuamka. Nawe ukikuta katika kitabu kimoja 147 na katika kingine 148, usione ni tofauti ndogo. Tofauti hiyo ni nyumba moja yenye matanga.

Kisha ilikuja hofu, nayo haikuhitaji adui. Siku kumi baada ya Garissa, kabla ya mapambazuko ya tarehe 12 Aprili, mtambo wa umeme ulipasuka kwa kishindo karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi yaliyoko Kikuyu. Wanafunzi walidhani wauaji wamekuja. Walikimbia gizani wakikanyagana, wengine wakaruka kutoka ghorofa za juu. Mmoja alikufa, na zaidi ya mia moja waliumia. Hapakuwa na bunduki hata moja.

Hasira nayo ilikuwa na njia mbili. Moja ilielekea serikalini, na kwa haki: maonyo ya shambulio yalikuwa yametolewa kabla, na kikosi maalumu cha polisi kutoka Nairobi kilifika Garissa baada ya saa nyingi, watoto wakiwa wanazidi kufa. Hasira ya pili iliwageukia Wasomali wote, raia wa Kenya kwa wakimbizi. Tarehe 11 Aprili William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais, mwenyeji wa huku Uasin Gishu, aliyaambia Mataifa ya Umoja yaifunge kambi ya Dadaab katika miezi mitatu, kambi iliyokuwa na mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wamewakimbia wauaji haohao. Miezi mitatu ilipita, kambi haikufungwa. Tena mmoja wa wale wanne hakuwa mkimbizi kamwe. Alikuwa Mkenya, amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Baba yake alikuwa amekwisha kutoa habari kwa wakuu kwamba mwanawe ametoweka. Fikiri juu ya mzee huyo, msomaji, kabla hujasema neno juu ya ukoo au kabila la mtu.

Watu wa Eldoret hawakuwa wageni wa jambo hili la kutenganisha watu. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Pale hawakuulizwa dini. Kosa lao lilikuwa kabila. Waliowasha moto ule hawakutoka ng'ambo ya mpaka, walikuwa majirani. Nadhani hii ni sababu moja inayofanya mtu wa hapa asiwe mwepesi wa kusema kwamba uovu wa Garissa ni wa watu fulani tu.

Huko kaskazini mashariki mchezo uleule ulijaribiwa tena. Mnamo Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, abiria wakatengwa, na 28 wakauawa. Tarehe 21 Desemba 2015, miezi minane baada ya Garissa, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, na amri ikawa ileile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika, na abiria waliwaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu wa shule na Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliokataa, akapigwa risasi. Alikufa Januari 2016 hospitalini.

Mwezi huohuo lango la chuo cha Garissa lilifunguliwa tena, na ndani ya uwanja pamewekwa kituo cha polisi. Walioingia siku za kwanza walikuwa wachache. Wenzao wengi walikuwa wangali Kesses, kwenye baridi.